Maji Mdomoni mwa Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ana ugonjwa mmoja ambao hospitali hawautibu: hawezi kuliacha swali likae peke yake. Ukimsimamisha mpita njia ukamuuliza kama barabara hii inatokea sokoni, na mama mdogo yuko ng'ambo ya pili na mzigo kichwani, jibu utalipata kwake. Ukianza sentensi akaona unakoelekea, atakutangulia, afike kabla yako, akusubiri huko. Sisi tuliolelewa nyumbani kwake tulishazoea. Nilipoacha diploma yangu katikati, watu wakawa wananiuliza kulikoni, sikupata nafasi ya kujibu hata mara moja. Alijibu yeye, kwa ufasaha, na sababu alizozitoa zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Aliyeumia zaidi ni mume wake. Baba mdogo ni fundi cherehani na ni mtu wa kusema polepole. Hana kigugumizi, wala si mtu wa kununa. Anapenda tu neno liive kabla hajalipakua. Ukimsalimia asubuhi unaweza kwenda zako dukani, ukanunua ulichofuata, ukirudi ndiyo unakutana na ile "nzuri" yake mlangoni. Wamekaa wawili hao miaka mingi bila kugombana, na watu huwasifu kwa hilo. Mimi nasema kugombana kunahitaji wasemaji wawili.

Kwa kazi, mama mdogo alikuwa mtu wa maabara. Ana shahada ya kemia, na tangu amalize chuo alikuwa kiwanda cha sabuni, katika chumba cha nyuma kinachonuka mafuta yaliyochemka, akipima kila pipa linaloingia na kila mche wa sabuni unaotoka. Malalamiko ya wateja nayo yalipitia kwake. Mteja akiandika kwamba sabuni yenu haitoi povu, mama mdogo ndiye aliyemjibu, na nina hakika alianza kumjibu kabla hajamaliza kusoma. Kisha kiwanda kikaleta mtambo unaopima wenyewe. Mtambo haujui kujibu wateja, lakini pia hauombi likizo. Maabara ikafungwa, mama mdogo akapewa mkono wa kwaheri na katoni ya sabuni, akarudi nyumbani akiwa na umri ambao matangazo ya kazi hayautaki.

Nyumbani kwetu chumba cha mbele ndicho karakana ya baba mdogo. Cherehani iko dirishani kwa ajili ya mwanga, meza ya kukatia iko katikati, nguo zilizokwisha zimetundikwa ukutani, na zisizokwisha ziko kila mahali pengine. Mama mdogo akawa anashinda humo anashona vifungo na kujibu wateja. Tukaona anafifia. Vifungo vilikuwa vinashonwa vizuri mno, kwa nyuzi nyingi mno, kama mtu anayevifunga visitoroke.

Ndipo akatangaza kwamba anarudi chuo. Kuna kozi ya uzamili ya ualimu, alisema, ya mwaka mmoja, kwa watu ambao tayari wana shahada zao na wanataka kufundisha sekondari. Shule zinatafuta walimu wa kemia kwa tochi. Kemia anayo. Kilichobaki ni huo ualimu tu. Alisema "huo ualimu tu" kama mtu aliyekwisha kuvaa akabakiza kufunga kamba za viatu.

Baba mdogo akasimamisha cherehani, akavuta pumzi ya kutaka kusema kitu.

"Ameridhia," mama mdogo akatuambia.

Chuoni nadharia ilimwendea kama maji kwenye mfereji. Saikolojia ya vijana, upimaji, falsafa ya elimu, vyote alivimeza na akarudi navyo nyumbani kutufundisha wakati wa kula. Darasani alikuwa miongoni mwa wazee, lakini alipata rafiki, kijana mmoja aliyekuwa fundi wa umeme mwenye shahada, amechoka kupanda nguzo na kushuka. Wote walimwita Mhandisi. Mhandisi alikuwa akisema kwamba mama mdogo angeweza kufanya mitihani ya darasa zima akabaki na muda wa kuisahihisha.

Mambo yaligeuka walipopelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Mama mdogo alipewa kidato cha tatu, kemia, darasa ambalo kwa muda mrefu lilikuwa chini ya mwalimu wa historia aliyekuwa akiwasomea kitabu kwa sauti na kuwatakia kila la heri. Mkuu wa shule alimwambia wazi siku ya kwanza: ukipata cheti chako, nafasi hii ni yako, sitafuti mwingine. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kabisa na kiti kilikuwa tayari. Kilichobaki ni kukaguliwa mara tatu, na mara ya tatu angekuja mtahini wa nje pamoja na mhadhiri wake. Ukianguka hiyo ya tatu, cheti hakuna, hata kama nadharia yako inang'aa. Unarudia mwaka. Mama mdogo alishatuambia kwamba yeye harudii mwaka. Akianguka, atarudi kwenye vifungo mpaka macho yaishe.

Mhadhiri aliyemsimamia, wanachuo walimpa jina la Bibi Kalamu, kwa sababu alikaa nyuma ya darasa kimya kama kabati, na kitu pekee kilichokuwa kinamtembea ni kalamu. Ukaguzi wa kwanza alikuja, akakaa, kalamu ikatembea kipindi kizima. Mama mdogo alifundisha asidi na besi. Alifundisha, kwa maelezo yake mwenyewe, vizuri ajabu. Aliuliza maswali mengi, kama kozi inavyotaka, darasa likachangamka, somo likaisha dakika ileile iliyoandikwa kwenye andalio la somo.

Baadaye Bibi Kalamu alimvuta kando ya korido akamsifu: ubao safi, sauti nzuri, somo analijua. Kisha akasema, "Ila maswali yote uliyouliza, umeyajibu mwenyewe. Leo aliyejifunza kemia ni wewe."

Mama mdogo hakuamini. Akamuuliza Mhandisi, aliyekuwa shule hiyohiyo akifundisha fizikia na aliyeingia kumtazama. Mhandisi ana adabu, lakini siku hiyo aliiacha mahali. Alimwambia kwamba ni kweli. Kuna msichana aliinua mkono, mama mdogo akamwona, akamwita, msichana akasimama, akafungua mdomo, na jibu likatoka kwa mwalimu. Msichana akakaa. Hata hakushangaa.

Alirudi nyumbani siku hiyo amenyong'onyea. Akaniambia kozi inafundisha jambo hili, kwamba ukishauliza unangoja, unawaachia watoto muda wa kufikiri, na yeye kwenye mtihani alilieleza vizuri akapata alama zote. Lakini akisimama mbele ya watoto, ule ukimya unamwasha kama upupu. Anaona kama anawatesa. Anaona kama nyumba inaungua na yeye ameshika ndoo.

Mimi, kama kawaida yangu, nikasema la kusema. "Si ujaze maji mdomoni, mama mdogo. Ukiuliza tu, unapiga funda moja, humezi mpaka mtu ajibu."

Nilikuwa natania. Yeye akainuka akaenda jikoni kutafuta chupa.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa darasa, na mwanafunzi pekee nikawa mimi. Alisimama mbele ya meza ya kukatia, akauliza swali la kidato cha tatu, akapiga funda, mashavu yakajaa, macho yakanitoka... yaani macho yalimtoka yeye, kunitazama mimi. Masharti yalikuwa hayo: hakuna kumeza mpaka mwanafunzi aseme kitu, sahihi au si sahihi. Siku za mwanzo ilikuwa vichekesho. Nikimchekesha, maji yanaruka kwenye andalio la somo, wino unatambaa, anaanza kuandika upya huku ananipa majina ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Jirani akija kusalimia anamkuta amevimba mashavu anatikisa kichwa, anaondoka akidhani mama mdogo ameng'olewa jino.

Sasa siku moja alikuwa ameniuliza jambo kuhusu chumvi na maji, amepiga funda, ananingoja. Jibu nilikuwa nalo. Niliamua kulitunza kidogo, maana mwanafunzi naye ana haki zake. Wakati huohuo akaingia muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, mteja wa baba mdogo wa siku nyingi, mwanamke wa maneno.

"Fundi, sare yangu naitaka Ijumaa," akasema. "Itakuwepo Ijumaa, au nianze kuandaa matusi mapema?"

Alisema "fundi" lakini uso aliuelekeza kwa mama mdogo. Wateja wote walifanya hivyo. Walishajua majibu yanatokea upande gani. Na mama mdogo miaka yote alikuwa na jibu lake: itakuwa tayari, usiwe na wasiwasi. Nikamwona anahangaika. Akaninyooshea kidole nijibu swali langu ili ameze. Nikatazama dari kama mtu anayefikiri sana.

Cherehani ikanyamaza. Muuguzi akamtazama mama mdogo, mama mdogo akatazama chini, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kutazama, muuguzi akageuka akamtazama fundi mwenyewe. Akangoja. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumngoja baba mdogo kiasi hicho.

"Ijumaa haiwezekani," akasema hatimaye. Akafikiri tena. "Kitambaa chako sijakikata. Kuna sare za shule mbele yako. Njoo Jumatano ya wiki ile nyingine, nitakuwa nimemaliza."

"Jumatano ya kweli?"

"Ya kweli."

Muuguzi akashika kiuno. Akasema kumbe fundi anaweza kusema ukweli na miaka yote alikuwa anawaficha. Angejua, asingekuwa anakuja na hasira kila Ijumaa. Akaaga akaenda zake, na kusema kweli alionekana ameridhika kuliko siku zote alizoahidiwa Ijumaa.

Mama mdogo akameza. Mimi jibu langu la chumvi sikulitoa, na hakulidai. Mnaelewa, mtaa mzima ulimjua baba mdogo kama fundi hodari na mwongo, kama mafundi wote. Nguo nzuri, ahadi hewa. Alikuwa anakesha akishona kutimiza Ijumaa za watu, na bado anatukanwa kwa zile zilizomshinda. Na sisi nyumbani tulikuwa tunamcheka, tunasema baba mdogo kwa kuchelewa hajambo. Kumbe mwongo wa nyumba hii hakuwa yeye.

"Kwa hiyo zile Ijumaa zote," mama mdogo akaanza, akakwama. Sijawahi kumwona amekwama.

Baba mdogo aliacha muda wake wa kawaida upite. "Zilikuwa zako," akasema. "Mimi nilikuwa nazishona tu." Hakulisema kwa uchungu. Akainamia cherehani akaendelea na pindo.

Siku kadhaa zilizofuata mama mdogo alikuwa mpole mpaka tukawa na wasiwasi. Tulipokuwa tunaanika nguo uani aliniambia kwamba alidhani anamsaidia. Watu walikuwa wakimwona mume wake mzito, akawa anamkinga kwa kumsemea. Na kadiri alivyomsemea ndivyo watu walivyozidi kumwona mzito. Akaniuliza kama najua kwa nini yule msichana wa darasani hakushangaa alipojibiwa. Nikafungua mdomo. Akangoja, bila maji. Nikasema labda alishazoea. Akasema, ndiyo, na alikuwa na umri wa kidato cha tatu tu, na tayari ameshazoea.

Baada ya hapo mazoezi yakawa si mchezo tena. Ukaguzi wa pili alikwenda na chupa yake, akaiweka pembeni mwa meza, akauliza, akapiga funda. Ilifanya kazi. Watoto wakianza kuona kwamba mwalimu hatajibu, wanalazimika kutafuta wa kujibu, na wa kujibu ni wao. Ubaya ni kwamba kila swali ni funda, na mafunda yote mwisho wake ni kumezwa, hivyo kengele ikilia mama mdogo alikuwa wa kwanza kutoka darasani kuliko hata watoro, akielekea chooni kwa mwendo wa heshima lakini wa haraka. Wanafunzi wakamwita Bi Kiu. Bibi Kalamu alimpa alama nzuri, kisha akamuuliza pembeni, kwa upole wa mtu mzima kwa mtu mzima, kama amewahi kupima sukari.

Ikabaki ile ya tatu.

Kwa ajili ya mtahini wa nje, mama mdogo alitaka somo la kuona kwa macho, si la ubaoni. Alichagua maji magumu na maji laini: kwa nini sabuni hiyohiyo inatoa povu kwenye maji haya na inagoma kwenye maji yale. Hapo alikuwa nyumbani kwake. Ni kazi iliyompa mkate nusu ya maisha. Akaomba kipindi kihamishiwe maabara ya shule. Akaandaa vichupa vya kioo kwa kila meza, maji ya mvua kwenye kimoja, maji ya kisima cha shule kwenye kingine, na chupa moja kubwa ya maji ya sabuni ya kugawana. Alipanga kila kitu. Andalio lake lilikuwa limenyooka mpaka dakika ya mwisho: swali, majadiliano, yeye kueleza, muhtasari ubaoni, zoezi.

Asubuhi hiyo akafika mlangoni mwa maabara na chupa yake ya maji ya kunywa mkononi, na mguu ukagoma kuvuka kizingiti.

Maabara hakuna kinachoingia mdomoni. Si maji, si pipi, si kofia ya kalamu. Ni sheria ya kwanza ya kazi yake. Kule kiwandani aliwahi kumfukuza meneja mlangoni kwa sababu ya kikombe cha chai. Na watoto hawa yeye mwenyewe aliwakaririsha sheria hiyo wiki iliyotangulia, akawaambia atakayeonekana anatafuna atatoka nje. Vipindi vyake vyote vya kupiga funda vilikuwa kwenye vyumba vya kawaida. Katika kuhangaikia povu la watoto alisahau kabisa funda lake.

Mhandisi, aliyekuja kukaa nyuma kumpa moyo, anasema alimwona akiitazama ile chupa kama mtu anayemuaga ndugu kituoni. Akaiweka chini nje ya mlango, akaingia mikono mitupu. Nyuma ya chumba alikaa Bibi Kalamu na kalamu yake, na kando yake mtahini wa nje, baba mmoja mnene, msafi, mwenye saa kubwa.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Watoto wakatia sabuni, wakatikisa. Kichupa cha mvua kikajaa povu mpaka shingoni. Cha kisima kikawa na uchafu mweupe unaoelea, kama maziwa yaliyoharibika. Mama mdogo akasimama mbele ya ubao. "Kwa nini?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Anasema alijikaza kisabuni. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Alisikia bomba linadondoka kwenye sinki, na mtu anafagia uwanjani. Mhandisi anasema taya zilikuwa zinamcheza kama anatafuna maneno mazimamazima. Mtahini wa nje akatazama saa. Kimya kikaendelea mpaka kikaanza kuwa na sura ya aibu, na bado akakiacha.

Kijana mmoja mrefu aliyekaa karibu na sinki akasema, "Mwalimu, hii sabuni mbovu."

Jamani. Katika sentensi zote duniani, ile. Ndiyo waliyoiandika wateja miaka yote, na jibu lake mama mdogo analijua kuliko jina lake: ndugu mteja, sabuni yetu haina kasoro. Anasema lilimpanda mpaka kwenye meno. Akalirudisha. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa jambo la maana, akaendelea kungoja.

"Mbovu vipi, na imetoka chupa moja?" akauliza msichana wa meza ya mbele. Ndiye yule yule wa siku ya asidi na besi. Alikuwa hamuulizi mwalimu, alikuwa anamuuliza kijana.

"Basi maji ndiyo mabovu."

"Unayanywa kila siku. Umekufa?"

Darasa likacheka, na baada ya hapo halikurudi tena mikononi mwa mama mdogo. Mmoja akasema maji yana chumvi. Mwingine akasema si chumvi, angesikia ladha, ila kitu kimo. Wa tatu akasema kitu hicho hata yeye ameshakiona, ni ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika nyumbani kwao, mama yake anaukwangua kwa kijiko. Wakabishana kama ukoko unatoka kwenye maji au kwenye birika. Yule msichana akasema ni rahisi kujua: yachemsheni ya kisima, ukoko ubaki kwenye sufuria, kisha mtie sabuni kwenye maji yaliyobaki tuone kama yatagoma. Kijana mrefu akasema yatagoma vilevile, sabuni ni mbovu. Wakawa wanawekeana dau la madaftari.

Kuchemsha hakukuwamo kwenye andalio. Katika andalio, hapo mama mdogo alipaswa awe ameshaeleza na anaandika muhtasari. Ubao ulikuwa na neno moja tu, lile "kwa nini". Na kengele ikalia.

Bado angeweza kujiokoa. Sentensi moja tu, na sehemu ya hitimisho ingehesabika imefanyika. Watahini wanaitafuta hiyo kama askari anavyotafuta leseni. Chaki ilikuwa mkononi. Akafungua mdomo.

"Mwalimu, usituambie," akasema yule msichana. "Tuchemshe kwanza."

Mama mdogo akamtazama mtahini wa nje, ambaye alikuwa ameshafunga kalamu yake. Akamtazama Bibi Kalamu, ambaye uso wake haukuwa na habari yoyote. Anasema aliyafikiria makopo ya vifungo yanayomngoja nyumbani. Aliyafikiria kweli. Kisha akaweka chaki kwenye kibao chake, akasema, "Haya. Kesho."

Kwenye kona ya chumba cha walimu, mtahini wa nje alimweleza kwa adabu kwamba andalio linasema hivi na darasa limekuwa vile. Maelezo hakuna, muhtasari hakuna, zoezi hakuna. Akakohoa kidogo, akamuuliza kama, samahani, jibu lenyewe alikuwa nalo. Mhandisi alikuwa karibu anajifanya kutafuta chaki, na anasema alifumba macho. Kumuuliza mama mdogo kama anajua kwa nini sabuni haitoi povu ni sawa na kumuuliza nesi kama amewahi kuona sindano. Lakini mama mdogo akasema tu kwamba ndiyo, alikuwa nalo.

"Sasa kwa nini hukulitoa?" akauliza Bibi Kalamu.

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu niijue familia hii, mama mdogo aliulizwa swali na hakuwa na jibu tayari. Ilibidi alitafute. Bibi Kalamu akangoja, kalamu hewani, na mtahini wa nje alipotaka kusema kitu akamzuia kwa kiganja. Mama mdogo anasema hajawahi kungojwa namna hiyo, na kwamba si mateso hata kidogo. Ni kama mtu amekushikia mlango huku una mizigo.

"Walikuwa bado hawajanihitaji," akasema.

Kalamu ikaandika. Hawakumwambia kitu zaidi, matokeo yangetoka chuoni.

Na yalipotoka alikuwa amepita, ili msikae roho juu. Alipita kwa unywele mmoja, kwa sababu sehemu ya hitimisho walimpa sifuri, yai zima, la kuchemsha. Cheti kipo, nafasi ile ni yake, na mwalimu wa historia amerudi kwenye historia kwa furaha kubwa. Lakini mwenyewe akisimulia hafiki huko kwenye matokeo. Yeye huishia asubuhi ya kesho yake, wakati alikuwa bado hajui kama amepita au ameanguka.

Alikwenda na hitimisho lake lote, amelipanga vizuri, na michoro. Akakuta mlango wa maabara uko wazi na mtunza maabara amekaa nje amekunja uso: watoto walimwomba moto tangu kabla ya kipindi. Ndani wamezunguka meza ya mbele, migongo mlangoni. Sufuria imeshapoa, ukoko mweupe uko chini, na kichupa cha maji yaliyochemshwa kimejaa povu mpaka shingoni. Aliyekuwa anaeleza ni kijana mrefu, yule wa sabuni mbovu, na alikuwa anaeleza kwa kujiamini sana, kama ndiye aliyelianzisha wazo tangu mwanzo. Nusu ya maelezo yake ilikuwa sahihi. Nusu nyingine mama mdogo anasema ilimfanya aume ulimi mpaka ukauma kweli. Yule msichana alikuwa akimsahihisha, na naye akikosea mahali fulani, na mwingine akimsahihisha yeye.

Mama mdogo akasogea polepole ili aone. Akasimama ubavuni, karibu na dirisha, akanyoosha shingo yake juu ya mabega yao. Hakuna aliyesema "mwalimu amefika". Mtoto mmoja wa nyuma, aliyekuwa amekaa kwenye stuli akiandika, akainua kichwa akamwona ni nani.

"Mwalimu, samahani," akasema, "unanikinga mwanga."

Akasogea.